Kung'arisha Meno Nyumbani: Lisome Doa Kwanza, Ndipo Uchague Njia

Swali linalonifikia kila wiki ni hili: "Nimesugua mwezi mzima, mbona bado ni ya njano?" Nami hujibu kwa swali. Ulikuwa unasugua nini?

Makaa, ndimu, baking soda, matone ya zambarau, jeli na vibandiko vya kung'arishia havifanyi kazi moja. Kuna kinachokwangua juu, kinachounguza, kinachopenya ndani, na kimoja kinachodanganya macho tu. Doa nalo lina makao yake. Likiwa limelala ndani ya jino nawe unakwangua juu, utalimaliza jino na kuliacha doa.

Mimi si daktari. Nilikuwa msaidizi kwenye kliniki ya meno hapa Nairobi miaka tisa, kazi yangu kushika taa na mrija wa kunyonya mate. Nilichojifunza pale ni kwamba watu hawashindwi kwenye kung'arisha. Hushindwa kabla hawajaanza, kwenye hatua ya pili na ya tatu hapa chini. Hizo usiziruke.

## Vifaa

- Simu yenye kamera na karatasi moja nyeupe.
- Mswaki mpya wenye nywele laini. Ule mgumu mpe anayesafisha viatu.
- Dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi. Nyuma ya mrija pameandikwa kiasi. Mtu mzima atafute kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 na 1,500.
- Uzi wa meno.
- Paketi ndogo ya baking soda.
- Dawa ya meno ya kuzuia ganzi (meno kushtuka kwa kitu baridi au moto), ambayo kwenye orodha ya viungo ina nitreti ya potasiamu (potassium nitrate).
- Jeli ya kung'arishia au vibandiko. Usinunue bado. Huenda usivihitaji, na huenda visikufae kabisa.

Ndimu, jivu, makaa ya jiko, magadi, jiki ya kufulia na dawa ya kubadilisha rangi ya nywele visikaribie kinywa chako. Sababu za baadhi yake zinakuja.

## Hatua ya 1: Piga picha ya mwanzo

Simama karibu na dirisha saa nne asubuhi, mgongo usielekee mwanga. Zima flashi, zima na urembo wote wa kamera. Shika karatasi nyeupe chini ya kidevu, vuta midomo, piga picha tatu: mbele, kushoto, kulia.

Karatasi ina kazi yake. Jicho huzoea, baada ya siku kumi utaapa kwamba hakuna kilichobadilika, au utaapa kwamba umekuwa mwigizaji wa sinema. Karatasi haizoei. Kila picha utakayopiga baadaye utailinganisha na weupe wake.

Picha nzuri ni ile ambayo karatasi inaonekana nyeupe kweli. Ikitoka ya njano, taa ya nyumba imeingilia, rudia.

## Hatua ya 2: Lisome doa

Hapa kaa. Chukua kioo kidogo, nenda mwangani, uangalie jino kwa jino.

Njano iliyoenea sawasawa. Jino lina tabaka ngumu ya juu, enameli, inayopitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, na dentini kwa asili ni ya njano. Kadiri miaka inavyokwenda enameli hukonda na dentini huonekana zaidi. Chai na kahawa huongezea juu. Hii ndiyo rangi inayokubali kung'arishwa vizuri kuliko zote.

Kahawia au nyeusi karibu na ufizi, katikati ya meno, na nyuma ya meno ya chini ya mbele. Pitisha ulimi nyuma ya meno hayo ya chini. Ukihisi kitu kigumu chenye ukwaruzo, mfano wa ukoko wa ugali sufuriani, huo ni ukoga uliogeuka jiwe. Juu yake hukaa rangi ya chai, sigara, miraa na ugoro. Wapo pia waliopewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini kwa ugonjwa wa fizi, wakaendelea nayo miezi. Hiyo huacha rangi ya kahawia, na wao hudhani meno yameoza. Dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, hufanya vivyo hivyo.

Mabaka meupe ya chaki au ya kahawia, uliyoyajua tangu utoto, yanayofanana kulia na kushoto. Ulikulia wapi? Ukijibu Naivasha, Gilgil, Nakuru au popote Bonde la Ufa penye maji ya kisima, basi yaelekea hiyo ni floraidi iliyozidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo. Nairobi nayo haijapona: maji ya mfereji kutoka bwawa la Ndakaini ni ya mito, lakini mitaa mingi hunywa maji ya visima virefu, na baadhi vina floraidi nyingi.

Floraidi hiyo huliharibu jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, takriban hadi miaka minane. Kwa hiyo mtu mzima aliyehamia mtaa wa kisima mwaka jana asiitafutie lawama hapo. Mtoto wake mdogo, huyo ndiye wa kuangaliwa maji anayokunywa.

Alikuja kijana mmoja wa boda, mzaliwa wa Gilgil, anaficha mdomo kwa kiganja akizungumza. "Sista," akaniambia, "haya nimeyasugua kwa makaa mwaka mzima na yamekataa." Daktari alipomvuta mdomo tukaona mabaka yake ya kahawia yapo palepale, yamekaa kwa amani. Ila kwenye shingo za meno, pale jino linapoingia kwenye ufizi, palikuwa na mfereji. Daktari akamwambia apitishe kucha yake mwenyewe. Ilikwama. Makaa yalikuwa yamelichimba jino, doa likabaki.

Kama mabaka yako ni haya, mwongozo huu unakufikisha hatua ya tatu tu. Jeli ya nyumbani inaweza kupunguza kahawia kidogo, lakini mabaka meupe mara nyingi huzidi kung'aa mwanzoni na tofauti ikajitokeza zaidi. Daktari ana njia za kusugua tabaka jembamba kwa vipimo, kuziba kwa utomvu maalumu, au kufunika jino.

Jino moja la kijivu. Uliwahi kuanguka, kugongwa mpirani, kupigwa kiwiko kwenye matatu? Huenda mshipa wa ndani umekufa. Linataka eksirei, na likitibiwa hung'arishwa kutokea ndani.

Mistari ya kijivu au kahawia iliyolala mlalo. Mara nyingi ni dawa ya tetrasaiklini iliyotumiwa na mama mjamzito au na mtoto mdogo. Hukubali kidogo, kwa miezi, chini ya daktari.

Na jino lililovikwa kofia ya bandia au lililozibwa kwa mbele halibadiliki rangi kwa dawa yoyote. Ukiyang'arisha majirani zake, lenyewe litabaki na rangi ya zamani kama kiraka cha suruali.

Hatua hii umeifuzu ukiweza kusema kwa sentensi moja: doa langu liko juu, au liko ndani, au ni la daktari.

## Hatua ya 3: Toa ukoga kabla ya yote

Ukoga uliogeuka jiwe hautoki kwa mswaki, wala kwa soda, wala kwa jeli. Huondolewa kwa vifaa vya kliniki. Jeli nayo haipenyi jiwe. Ukiipaka juu ya ukoga utang'arisha viunga na kuacha katikati kama ilivyokuwa.

Vile vyuma vya kukwangulia vinavyouzwa mtandaoni kwa seti, viache. Nimeona fizi zilizochanika na enameli iliyopigwa michoro na mtu aliyejitahidi mbele ya kioo cha bafu.

Wasiwasi mkubwa huwa ni pesa. Uliza bei kabla ya kukaa kwenye kiti. Kliniki za mitaani hutofautiana sana kwa kazi ileile. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya kufundishia udaktari wa meno, Argwings Kodhek Road, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya wahadhiri. Beba uvumilivu, mwanafunzi haharakishi. Popote uendapo, jina la daktari lazima liwe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, na orodha hiyo unaweza kuiangalia mtandaoni. Saluni yenye kiti kizuri na taa ya buluu si kliniki.

Ukiwa pale, omba pia aangalie matundu na nyufa. Dawa ya kung'arisha ikiingia kwenye tundu hufika kwenye mshipa, na hapo utajua usiku una saa ngapi.

Dalili za kufaulu: ulimi unapita kwa utelezi, unahisi nafasi katikati ya meno ambazo ulikuwa umezisahau, na fizi zinatoa damu kidogo kwa siku moja mbili kisha zinatulia. Piga picha tena. Wapo wengi, hasa wavuta sigara na wala miraa, ambao safari yao huishia hapa. Walidhani meno yao ni ya kahawia, kumbe ni jiwe.

## Hatua ya 4: Linganisha njia

Baking soda. Inafanya kazi, polepole, kwa madoa ya juu pekee. Uzuri wake ni ulaini: chembe zake ni laini kuliko enameli, na huyeyuka kwenye mate. Haigusi njano ya ndani, na haina floraidi, hivyo haichukui nafasi ya dawa ya meno.

Tahadhari mbili dukani. Baking powder si baking soda. Imechanganywa na asidi na wanga. Na magadi si baking soda hata kidogo. Yale magadi ya kulainishia githeri, yatokayo Ziwa Magadi, ni makali, huunguza ufizi, na yamebeba floraidi. Nimekutana na mama aliyeambiwa na jirani "tumia magadi", akatumia. Ngozi ya ndani ya mdomo ilitoka vipande.

Ndimu. Kipimo cha ukali wake ni pH 2 na ushei. Namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi, na enameli huanza kulainika pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Unapoipaka, jino hung'aa siku hiyohiyo, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Kilichong'aa ni uso wa enameli uliochubuliwa. Endelea wiki kadhaa, enameli inakonda, dentini inajitokeza, na sasa una njano zaidi ya uliyoanza nayo. Enameli haioti tena.

Nalisema hili kwa aibu. Kabla sijaanza kazi ya kliniki, wiki tatu kuelekea harusi ya dada yangu, nilisugua ndimu na baking soda kila asubuhi. Povu lilinifurahisha, nikaona dawa inafanya kazi. Povu lile ni hewa ya kaboni tu: asidi na soda vinauana, na ukiweka ndimu nyingi kuliko soda, asidi inayobaki inakula jino. Siku ya harusi nilipiga funda la soda baridi nikasimama katikati ya ukumbi nimeshika shavu. Ganzi ile ilinichukua miezi kupoa.

Makaa na jivu. Yawe ya jiko au yale meusi ya kopo zuri yenye maandishi ya dhahabu, kazi ni moja: kukwangua. Hutoa rangi ya juu, ndiyo, pamoja na sehemu ya jino. Vumbi jeusi pia hujificha kwenye nyufa na ukingo wa ufizi. Kijana wa Gilgil amekwisha kusema mengine.

Mswaki wa mti. Ule wa msuaki unaouzwa nje ya Msikiti wa Jamia na kote Eastleigh naupenda. Unapunguza utando na madoa mapya ya juu. Loweka ncha, itafune iwe brashi, sugua kwa upole kuelekea ncha ya jino, na ukate ncha kila siku. Usiutarajie ufike ndani.

Mafuta ya nazi, manjano, maganda ya ndizi. Mafuta hayadhuru wala hayang'arishi. Manjano hutia rangi kitambaa, sijui nani alifikiri yatatoa rangi kwenye jino. Maganda ya ndizi mpe mbuzi.

Dawa za meno zilizoandikwa "za kung'arisha". Huondoa madoa ya juu kwa chembe zake, na baadhi huacha kivuli cha buluu kinachofanya njano ionekane nyeupe. Zinafaa kutunza kilichopatikana. Ukipata ganzi, pumzika.

Matone ya zambarau ya kupaka kwenye meno. Unakumbuka buluu tuliyotia kwenye maji ya kusuuzia shati jeupe la shule? Ndiyo hiyo hiyo. Shati halikuwa safi zaidi, lilionekana hivyo. Kwa picha ya pasipoti sawa. Kikombe cha kwanza cha chai kinaondoka nayo.

Haidrojeni peroksaidi ya kemisti. Chupa ya kahawia ya kusafishia vidonda, kawaida asilimia 3 au 6. Kusukutua nayo hakung'arishi sana, kwa kuwa haikai kwenye jino na mate huivunja haraka. Iliyo kali haifai kinywani, na kuimeza ni hatari. Kosa kubwa ni kuchukua ile ya saluni: pale namba huandikwa kwa volyumu, ambapo 20 ni asilimia 6 na 40 ni asilimia 12. Hiyo ni ya nywele.

Jeli na vibandiko vyenye peroksaidi. Katika orodha yote hii, hivi ndivyo vinavyopenya enameli na kuvunja rangi iliyo ndani. Jeli inayotumiwa zaidi nyumbani ni karbamidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo hutoa haidrojeni peroksaidi ya karibu asilimia 3.5, polepole. Huwekwa kwenye trei, kifuko chembamba cha plastiki kinachofuata umbo la meno yako. Trei iliyochongwa na daktari kwa kipimo cha kinywa chako hushika jeli mahali pake. Ile ya kuchemsha na kung'ata huvuja, na jeli hukaa kwenye ufizi badala ya jino.

Vibandiko ni rahisi na havihitaji kipimo, ila hupenda meno yaliyopangika. Jino lililopanda juu ya jirani yake litabaki na kona isiyoguswa. Taa ya buluu ya kuchomeka kwenye simu inayokuja na seti nyingi haiongezi chochote cha kukutoa pesa.

Unaponunua, tafuta kiasi cha dawa kilichoandikwa, tarehe ya mwisho na mfuniko usiofunguliwa. Seti isiyotaja viungo, iache mezani kwa muuzaji. Iliyoandikwa asilimia 35 pia iache. Hiyo ni ya mikono ya daktari. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa ya meno yenye haidrojeni peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hairuhusiwi kuuzwa moja kwa moja kwa mteja. Hadi asilimia 6 hupitia kwa daktari wa meno, na si kwa walio chini ya miaka 18. Na kumbuka joto na mwanga huiua peroksaidi. Iliyokaa kwenye kibanda cha jua la mchana inaweza kuwa maji matupu.

Kama ungekuwa mdogo wangu ningekuambia hivi: ukoga utolewe, kisha jeli ya asilimia 10 kwenye trei ya daktari. Pesa ya trei haipo? Ukoga utolewe, kisha hatua ya tano kwa wiki nne hadi sita, halafu uangalie picha. Doa la juu lisingekutaka zaidi ya hapo.

## Hatua ya 5: Baking soda, kwa madoa ya juu

1. Mara mbili kwa wiki, jioni. Si kila siku; mkono wa mtu mwenye haraka huwa mzito.
2. Weka robo kijiko cha chai cha baking soda kwenye kiganja, ongeza matone ya maji hadi iwe uji mzito. Maji tu.
3. Shika mswaki kwa vidole vitatu, kama kalamu. Ukiushika kwa ngumi utabonyeza. Sugua kwa miduara midogo, dakika moja, kinywa kizima.
4. Tema, sukutua, kisha piga mswaki kama kawaida kwa dawa yenye floraidi. Tema bila kusukutua tena, ili floraidi ibaki.
5. Siku nyingine zote, mswaki mara mbili na uzi mara moja.

Mwenye shinikizo la damu asiimeze, ina sodiamu. Fizi zikiuma au shingo za meno zikianza kushtuka kwa maji baridi, simamisha wiki mbili.

Baada ya wiki nne hadi sita, kingo za meno karibu na ufizi zitakuwa safi na mistari ya chai katikati imefifia. Njano ya jumla itakuwepo bado. Hapo ndipo uwezo wa soda unapoishia, na kuongeza siku hakutaibadilisha.

## Hatua ya 6: Jeli, kwa njano ya ndani

Usianze kama uko chini ya miaka 18, ni mjamzito au unanyonyesha, una tundu au ufa, fizi zinatoa damu, au meno ya mbele yamejaa viraka ambavyo huna mpango wa kubadilisha.

1. Wiki mbili kabla, badilisha dawa ya meno utumie ya kuzuia ganzi. Watu huiruka sehemu hii kisha hunipigia simu usiku wa tatu.
2. Usiku, piga mswaki na uzi, kausha meno kwa kitambaa safi.
3. Ndani ya trei, upande unaogusa uso wa jino, weka tone la jeli kama punje ya mchele kwa kila jino linaloonekana ukicheka. Magego hayahitaji.
4. Vaa trei, bonyeza taratibu. Jeli ikifurika kwenye ufizi, ifute mara moja kwa kidole au mswaki mkavu. Ikifurika kila siku, unaweka nyingi.
5. Kaa nayo kwa saa alizokupa daktari. Kwa asilimia 10 huwa ni saa kadhaa au usiku kucha. Mtumiaji wa vibandiko afuate dakika za kwenye pakiti na aweke saa ya simu. Ukizidisha muda haupati weupe wa ziada, unapata maumivu.
6. Vua, sukutua, osha trei kwa maji baridi. Maji ya moto huikunja.

Ganzi kidogo, hata kichomi kifupi kinachopita kama sindano, ni jambo la kawaida. Ruka usiku mmoja au mawili, paka ile dawa ya meno ya kuzuia ganzi kwenye meno, kisha endelea. Maumivu ya jino moja tu, yanayobaki baada ya kuvua, si ganzi. Acha, nenda ukapigwe eksirei. Ufizi ukigeuka mweupe na kuwasha, jeli imeuunguza kidogo; hupona, lakini punguza kipimo.

Usijipime ukishavua tu. Meno yaliyokaa kwenye jeli hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kesho yake yakishalowa mate rangi hurudi nyuma kidogo, na hapo watu hufadhaika wakaongeza dozi. Piga picha mchana wa siku inayofuata, pale pale dirishani, na karatasi yako.

Kwa njano ya kawaida, wiki mbili zinatosha kuona tofauti. Kipimo changu cha kusimama ni weupe wa jicho: meno yakifikia hapo, funga jeli. Yakipita, utafanana na sinki mpya.

## Hatua ya 7: Chai, miraa na mengine ya Nairobi

Sitamwambia mtu wa Nairobi aache chai. Habari njema ni kwamba chai ya maziwa huacha doa dogo kuliko strungi, ile isiyo na maziwa, kwa sababu protini ya maziwa hushika tanini kabla haijashika jino. Ukinywa strungi au kahawa, kinywe kikombe kiishe. Kikombe kimoja cha kunusanusa tangu saa mbili hadi saa sita huyalowesha meno asubuhi nzima. Fuatisha maji.

Wakati wa siku za jeli, asubuhi subiri saa moja mbili kabla ya kikombe cha kwanza, na sigara kama unavuta.

Mla miraa hutafuna kwa saa nyingi, na mara nyingi kwa soda au peremende. Sukari ile huleta matundu, juu ya rangi ya miraa. Maji mahali pa soda yatakuokolea mengi.

Baada ya kitu kikali, iwe embe bichi la ndimu na pilipili, maji ya ukwaju au soda, usikimbilie mswaki. Enameli imelainika. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa.

Rangi itarudi polepole, miezi au mwaka na zaidi, kutegemea kikombe chako. Trei ihifadhi, usiku mmoja au mawili ya jeli hutosha kuirudisha. Jeli iliyobaki weka mahali pa baridi, mbali na watoto. Kila baada ya miezi sita piga picha dirishani na uiweke kando ya ile ya kwanza. Kama meno yote yamefifia pamoja, ni chai. Kama ni moja limeachana na wenzake kwa rangi, usiliongezee jeli, lipeleke kwa daktari.